Shanga Zilizotangulia Kutoka Mlangoni

Jamani, ngojeni nicheke kwanza nisije nikalia, maana mpaka leo nikipita jirani na ile zahanati navuta ushungi najifunika uso.

Muuguzi alikuja pale sokoni ninapouza karoti, akatangaza wanawake twende zahanati tukapimwe saratani ya mlango wa kizazi, bure, akasema inaanza na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, kinaweza kukaa mwilini miaka bila kuuma wala kuwasha, na kwamba ukiwahi unatibika. Nikachanganyikiwa palepale. Kwa kujamiiana? Mimi mke wa mtu, nikionekana kule si wataniita malaya? Basi nikaamua kwenda kimyakimya, na kwa kuwa somo yangu huko kwetu milimani alinifunda kwamba mwanamke havui nguo mbele ya mtu kiuno kikiwa kitupu, nikavaa shanga zangu zote (zote, hata za harusi zenye uzi mkongwe). Eti nimejipanga!

Kufika, nani yuko kwenye benchi? Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefuata nini huku?"

"Presha."

"Hata mimi," akasema, akaangalia pembeni.

Nikaitwa. Muuguzi akaniambia nipande kitandani, nikunje magoti, nilegee (utalegea vipi na mkwe yuko nyuma ya mlango?), mimi badala ya kulegea nikajikaza, uzi ukakatika, shanga hizo zikamwagika sakafuni, zikapita chini ya mlango zikaenda zao mpaka kwenye benchi, na mjue shanga ni siri ya mke na mumewe, mkwe hazioni ng'o! Nikaruka, nikajifunga khanga, nikafungua mlango nikimbilie nyumbani. Mama mkwe huyo kasimama, shanga kiganjani, anacheka.

"Presha gani hii ya kuvulia shanga?"

Nikamwambia mama, mimi naondoka, aibu imenishinda. Akaacha kucheka.

"Dada yangu naye aliona aibu. Alitoka damu akatuficha, mpaka tukamzika. Rudi ndani, mwanangu. Na mimi sikuja kwa presha, zamu yangu inafuata."

Nikarudi. Muuguzi akapaka siki kwenye mlango wa kizazi, ndicho kipimo chenyewe, pakatokea weupe. Akasema bado si saratani, ni mabadiliko, ila yakiachwa yanaweza kugeuka, wakayachoma kwa joto siku ileile. Sasa nishike lipi? Ninaumwa au siumwi? Masikini muuguzi wa watu alinieleza tena na tena, na mimi naitikia tu kwa kichwa. Mama mkwe yeye alikutwa salama, mwakani tunarudi wote.

Shanga hospitalini sirudii, naapa. Lakini mwenzangu akiniambia, "Mimi mzima, nikapimwe nini?" huwa namwambia asubuhi ile na mimi nilitoka nyumbani nikiwa mzima.