Mgongo wa Usumani

Mimi sipendi kuombwa mambo. Chai yangu haijapoa, mjukuu wangu Kirezi ameshaniwekea kalamu mezani. Anasema vijana wa mtaa wanatengeneza kitabu juu ya uhuru wa raia katika jamhuri, na kila mzee wa Biryogo ataandika kipande. Nikamwambia wako watu waliosoma sheria mpaka macho yakachoka, awasumbue hao. Mimi shule niliachia darasa la pili.

"Hao tumeshawasoma, Bibi," akasema. "Wewe andika ya babu."

Haya. Nitaandika ya babu kwa herufi zangu hizi kubwa kubwa, na asinisahihishe mtu.

Usumani, mume wangu, alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani kwetu, kwenye uchochoro nyuma ya msikiti, na ukipita asubuhi ulimsikia kabla hujamwona, maana alishona huku anaimba. Ila hakujua kukataa. Huyu akitaka kanzu ya Idi, ataambiwa itakuwa tayari. Yule naye, itakuwa tayari. Idi ikikaribia, nusu ya mtaa imekaa barazani inasubiri, na anayewachemshia chai ni mimi. Nilikuwa nalalamika sana. Leo baraza lile lingejaa tena hata siku moja, ningechemsha chai mpaka mkaa uishe.

Baba yake, enzi za Wabelgiji, hakuweza kutoka Biryogo kwenda kulala kwa ndugu mpaka aombe karatasi ya ruhusa. Usumani alipenda kusimulia hilo akiwa anampima mtu kiuno, kwa sababu mtu anayepimwa hawezi kukimbia. Baadaye zikawepo karatasi nyingine, za kusema wewe ni kabila gani, na kwa hizo tulizika watu. Hapo siandiki zaidi.

Sasa, mwaka mmoja wa uchaguzi wa mudugudu, yaani uongozi mdogo kabisa, wa nyumba hizi na zile, watu wakamwomba Usumani agombee. Si nimeshasema hakujua kukataa? Akakubali.

Kura yetu ile haikuwa na sanduku. Wagombea walisimama mbele uwanjani, wametupa mgongo, na wewe ukaenda kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Mgombea hakutakiwa kugeuka. Lakini sisi wengine tulionana wote, jirani na jirani, shemeji na shemeji.

Aliyeshindana naye ni Uwamahoro, mjane muuza mboga, mwenye mdomo. Na shida yetu ilikuwa mfereji. Watu wa nyumba za juu walikuwa wamejenga vibanda juu yake, mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba za chini. Nilijua kabisa: wa juu wakija kwa Usumani atawaambia sawa, wa chini wakija atawaambia sawa, na maji yataendelea kuingia. Nilimwambia hayo tukiwa wawili. Akacheka, akasema mguu ni wangu, nisimame nitakapo.

Siku ile nilivaa kitenge alichonishonea yeye mwenyewe. Nikaupita mstari wake, nikasimama nyuma ya Uwamahoro. Watu wakaanza kucheka.

"Mama Zuhura, mume wako ni yule pale," muuza mkaa mmoja akaniambia.

Nikamjibu kwamba mume wangu namjua, nilikuwa namfulia kabla yeye muuza mkaa hajazaliwa. Usumani hakugeuka. Niliona mgongo tu, na koti la kijivu alilojishonea, bega moja limekaa juu kidogo kuliko jingine.

Alishindwa.

Jioni akaja kaka yake mkubwa, Kaze, aliyekuwa wa kwanza kusimama kwenye mstari wake. Hakukaa. Alisema nimemvua nguo ndugu yake mbele ya watu. Ama nipite nyumba kwa nyumba kuomba msamaha, ama nirudishwe kwetu Rwamagana usiku uleule. Kuomba msamaha nisingeomba, na Usumani alinijua. Basi nikaanza kutazama vyombo vyangu, nichukue kipi, niache kipi.

Usumani alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano.

"Kaka, wewe ulisimama nyuma yangu kwa nini?"

Kaze akasema yeye ni ndugu, angesimama wapi tena.

"Nilizisikia kandambili za huyu zikinipita," Usumani akasema. "Anaziburuta, nazijua. Iliniuma. Lakini kila mguu uliosimama nyuma yangu baada ya hapo niliuamini, maana kama mke wangu ameweza kunipita, na wao wangeweza. Nikimrudisha kwao leo, safari ijayo watu watasimama kwa woga. Utakuwa umerudi kulekule enzi za baba, Kaka, kuomba karatasi. Na utaniomba mimi."

Kaze akamtazama kama mtu aliyepandwa na homa, akatoka. Chai yangu hakuinywa mpaka Ramadhani.

Msidhani yaliisha hapo. Wiki nzima cherehani ililia bila wimbo, na mimi sikumwuliza. Ijumaa, akirudi kutoka msikitini, akaniambia, "Na mimi ningesimama kwa Uwamahoro. Ila ningeonekana mwendawazimu." Ndipo akaimba.

Uwamahoro aligomba, vibanda vikatoka, si vyote. Siku ya umuganda, kazi ya mtaa mzima, tulipozibua mfereji, Usumani alitangulia na sepeto lake.

Leo uchochoro umepakwa rangi, wageni wanakaa nje kwenye viti wanakunywa chai, hawajui nani alishona wapi. Cherehani iko palepale barazani, naipaka mafuta mwenyewe. Mtu akinitajia uhuru, mimi nauona ule mgongo ambao haukugeuka, na lile bega.

Nimetoa langu. Sasa wewe uliyesoma, usifunge kitabu ukaenda zako. Njoo Biryogo, ukae kwenye kiti cha Usumani, uniambie lini ulisimama mahali ambapo wa kwenu hawakutaka, na nyumbani walikupokeaje. Kama huna la kuniambia, nenda kwanza ukasimame, ndipo uje. Chai nitachemsha.