Mafunjo ya Mujukuu Wangu

Mama-mukwe wangu hakunipa ng'ombe. Alinipa matope. Kilikuwa kipande cha kinamasi upande wa Sake, pale maji ya mulima yanapoingia ziwani, na ndani yake mafunjo, yale majani marefu yenye kichwa kama nywele za mutoto ambaye hajachanwa. Kwetu bibi-arusi anakalishwa juu ya mukeka uliosukwa na nyanya yake, kwa mafunjo ya kinamasi cha familia. Si wa soko. Mukeka wa soko, watu wa upande wa bwana wanaujua kwa kuugusa tu, na watacheka mpaka ndoa izeeke.

Kisha volkano ikaingia Goma. Sisi haikutufikia, lakini muji uliungua katikati, na watu wakaanza kujenga nyumba za mbao juu ya yale mawe meusi. Bwana wangu, Muzee wa nyumba, akasikia habari ya mbao, akajaza kinamasi na mikaratusi.

"Muzee, hapa ni pa mafunjo."

"Goma inalilia mbao, mama. Nani amelilia mukeka?"

Mukaratusi unakunywa maji vile askari anakunywa pombe ya watu, bila kuuliza ya nani. Mafunjo yakakauka. Vyura wakanyamaza. Nikaacha kusuka.

Binti yangu alikuwa amekufa katika vita ya kwanza, akaniachia mutoto anayenyonya. Huyo nilimulea mwenyewe, na sioni haya kusema: barabara yote mpaka Goma hakukuwa na musichana kama yeye. Alipata diplome, na bado alishika jembe. Kijana mumoja wa muji wa Kiwanja alipokuja kumuposa, nikamwambia tutanunua mukeka sokoni, hakuna namna.

"Tate," ndivyo alivyoniita, "mimi sikalii mukeka wa soko. Ile miti tunaitoa."

"Na babu yako?"

"Babu nitamucheka mpaka akubali."

Alimucheka kweli. Kila jioni alimuuliza mbele ya wageni kama bibi-arusi atakalishwa juu ya ubao. Muzee akachoka, akakata miti yake kwa mikono yake.

Lakini mukaratusi ukiukata haufi. Kisiki kinazaa. Tulichuna maganda ya kila kisiki mpaka chini kwenye mizizi, tukakifunika chote kwa matope, na asubuhi tukapita kung'oa vitoto vilivyotokeza. Mujukuu wangu aliingia matope mpaka mapaja, na kila alichong'oa alikitukana: "Na wewe, nani alikuita hapa?" Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tuliziba mutaro uliokuwa unamwaga maji, tukaomba mizizi ya mafunjo kwa watu wa ng'ambo ya kijito, tukapanda.

Maji yakarudi, vyura pia. Nilimwambia, "Mafunjo yakifika kichwa chako, tunakata." Basi kila tulipotoka kanisani alikwenda na nguo yake nzuri kusimama kando yake, ajipime. Yalifika kiuno. Yalifika kifua.

Yalipofika bega, waasi wakashuka. Tulikimbilia Goma na mabomu nyuma yetu. Tulijenga kibanda cha shitingi, yale maturubai ya musaada, kambini juu ya mawe ya volkano, mahali hata kigingi hakiingii. Watu wa pale walitutazama tukichota maji yao. Mwanamuke mumoja akapaza sauti, "Nyinyi, nani aliwaita hapa?" Mujukuu wangu aliniangalia. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Kolera, ule ugonjwa wa kuharisha, ikaingia kambini. Ilimuchukua mujukuu wangu mbio, mutoto mwenye nguvu vile, ikamukausha. Aliniuliza, "Tate, mafunjo yamefika wapi?" Nikasema yamemupita kichwa. Nilikuwa najua nini mimi?

Kwetu maiti naye anafungwa katika mukeka. Wangu nilimufunga katika shitingi yenye maandishi ya wazungu. Hilo sitalisamehe, na sijui nimunyime nani musamaha.

Tuliporudi kwetu, visiki vilikuwa vimezaa, vingine virefu kuliko nyumba. Lakini katikati yao mafunjo yalisimama, yamenipita kichwa, na mimi si mufupi. Muzee alichukua panga, akaingia ndani ya maji, akaanza kukata miti. Mpaka leo anapita asubuhi, anang'oa.

Mimi nilikata, nikakausha, nikasuka. Watu waliuliza namusukia nani. Niliendelea kusuka.

Yule kijana wa Kiwanja alikuja kutulilia. Nilitandika mukeka, nikamwambia, "Kaa, baba." Alikataa. Alivua viatu, akakaa chini kando yake, akaweka kiganja juu, akakipitisha polepole kutoka pembe mpaka pembe.

"Si wa soko," alisema.

"Hapana," nikamujibu. "Si wa soko."