Kitabu Kilichofungiwa Bajia

Wajukuu zangu wakitaka kitabu hukigusa kwa kidole tu, kikafunguka. Hakina vumbi, hakina mende, na hawajui kimepita mikononi mwa nani. Sisi tuliokua Mji Mkongwe miaka ile ya hamsini tulikuwa na utaratibu mwingine. Mimi kitabu changu cha kwanza kikubwa, ambacho si cha skuli wala cha chuo cha Kurani, nilikipata ukurasa mmoja mmoja, kimefungiwa bajia. Na nilikisoma vibaya kuliko mtu yeyote aliyepata kusoma kitabu katika kisiwa kizima cha Unguja. Nasema hivi bila ya kujisifu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma, jambo ambalo lilinipanda kichwani likakataa kushuka. Nilisoma makopo ya maziwa, mifuko ya unga, na matangazo ya serikali yaliyobandikwa ukutani. Wenzangu wakicheza mdako barazani, vijiwe vinarushwa na kudakwa, mimi nimesimama juu yao nawasomea kisanduku cha kiberiti. Mama alikuwa akisema, "Zakia, macho yako yatakwisha kabla hujaolewa." Watoto wa siku hizi wanavaa miwani tangu wana miaka saba, na hakuna anayewaambia kitu.

Mwaka huo Shangazi Salama, dada yake baba, alifiwa na mumewe, Bwana Nassor. Akakaa eda nyumbani kwake Kiponda, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hapaki manukato, hatoki. Hawakujaaliwa mtoto, kwa hivyo nikapelekwa mimi nikae naye, nitumwe vitu vya nje na nimpunguzie upweke. Nilifurahi. Kwa Shangazi kulikuwa na wali wa nazi kila siku, na hakukuwa na wadogo zangu.

Bwana Nassor alikuwa karani bandarini. Akirudi kazini hula, huswali, kisha hukaa mezani katika chumba cha mbele, mgongo kawapa walimwengu, anapiga taipureta kuukuu aliyoazimwa na ofisi yake. Ta-ta-ta, tangu Alasiri mpaka Isha. Shangazi aliisoma Kurani vizuri sana, na barua za herufi za Kiarabu hazikumshinda, lakini herufi za kizungu hakuzijua. Basi kwa miaka kumi na sita alikuwa akiutazama ule mgongo. Ile mashine aliiita mke mwenzangu. Ofisi ilipotuma watu kuja kuichukua, aliwaambia kutoka nyuma ya pazia, "Mchukueni mke mwenzangu. Eda yake akakae kwao." Wale watu walicheka, na mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku ile ile, baada ya mashine kuteremshwa ngazi, aliniita.

"Zakia!"

"Naam, Shangazi."

"Wewe unojua kusoma. Hivi marehemu alikuwa akiandika nini?"

"Sijui, Shangazi. Karatasi zenyewe ziko wapi?"

"Shemegi yangu kazitoa siku ya msiba, watu wapate kutandika mikeka. Anasema ni makaratasi ya bandarini yalokwisha muda wake."

"Basi alikuwa akiandika mambo ya kazini," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma makopo mengi ya maziwa.

"Ya kazini?" Akanitazama. "Miaka kumi na sita mtu hamalizi kazi? Mimi nnataka kujua kitu gani kilichompendeza kuliko mimi."

Nikamuuliza kama wali umebaki.

Kila jioni nilitumwa kwa Bi Tatu, aliyekuwa akikaanga bajia za kunde kwenye kona, chini kabisa ya nyumba. Harufu yake ilipanda ngazi yenyewe ikaja kutuita. Alizifunga katika karatasi zilizopigwa chapa, upande mmoja fomu za bandarini, upande wa pili maneno yamejaa tele. Karatasi za namna ile zilikuwa zimeenea mjini. Njugu, kashata na visheti vyote vilivaa fomu za bandarini. Mimi nilizimimina bajia sahanini kwa Shangazi, karatasi nikabaki nayo, nikailamba kwanza, kisha nikaisoma.

Ya kwanza ilikuwa na mzee mmoja anayeuliza maswali. Kiti hiki nikitoka chumbani kinabaki kuwa kiti? Nitajuaje kwamba siko ndotoni? Ya pili, kesho yake, ilikuwa na mwanamke kijana katika nchi ya baridi kali, anaruka dirishani na kifurushi cha nguo, anakimbia kuozwa kwa nguvu. Chapa ni ile ile, karatasi ni zile zile. Nikafanya hesabu za akili yangu kubwa, nikaona kitabu ni kimoja, na yule mzee ni baba yake msichana. Nikamweleza Shangazi kwamba msichana ametoroka kwa sababu amechoka na maswali ya baba yake.

"Hata mimi ningetoroka," alisema Shangazi. "Mtu anauliza kama kiti ni kiti! Nani atakaa hapo angojee kuolewa?"

Tangu siku hiyo nikawa namsomea kila jioni, yeye anakula bajia na chatine ya embe, mimi namfasiria. Mzee akiuliza roho inakaa wapi, nasema anamtafuta binti yake. Msichana akilia garini, nasema amekumbuka kile kiti. Shangazi alikuwa akinisikiliza kwa makini. Mara moja moja alicheka mpaka akaona haya, akajifunika mdomo kwa upande wa mtandio, maana mfiwa anacheka vipi? Skuli nako nikawa mtu mkubwa. Wakati wa mapumziko nilikaa kitako, wasichana wamenizunguka, nawauliza, "Nyinyi mnajua kwamba hamko ndotoni?" Mmoja alinifinya nijue. Nikamdharau, nikamwona hana elimu.

Uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia Bi Tatu, "Leo nifungie ile yenye yule mwanamke aliyetoroka."

"Miye nauza bajia, mwanangu, siuzi wanawake," alinijibu, mwiko mkononi.

Tukaelewana mwishowe. Nilimletea magazeti ya zamani kutoka kwetu, ambayo aliyapenda kwa upana wake, na yeye akanipa gunia zima la karatasi zilizobaki, zimerukiwa na mafuta ya karai. Nililipandisha juu kwa kuliburura, nikalificha stoo ili Shangazi asije akanidai nimsomee kisa chote usiku mmoja. Nikakaa chini kuzichagua.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie.

Nilizigawa mafungu. La kwanza la mwanamke aliyetoroka, kwa sababu lilikuwa na mambo. La pili la mzee wa maswali, ambalo sikulifahamu hata kidogo, lakini lilinipa heshima skuli. Zilizobaki, nyingi kuliko mafungu yote mawili, hazikuwa na mkimbizi wala swali. Nyingi zilianza namna moja: "Leo hakuna kilichotokea." Mimi nilikuwa msomaji hodari, sikupoteza wakati. Mwandishi mwenyewe kakiri hakuna kilichotokea, mimi nani wa kuendelea? Sikuvuka mstari wa kwanza. Nikazipeleka jikoni zikae karibu na seredani, na kila alfajiri kwa muda wa mwezi mzima niliwashia makaa ya chai. Ziliwaka vizuri kwa sababu ya mafuta. Shangazi alinisifu kwamba siku hizi moto wangu haunisumbui.

Zikabaki wiki mbili eda iishe. Jioni moja nilikuwa nikimsomea safari ya mwanamke wangu. Nikageuza ukurasa, kumbe mafuta ya bajia yalikuwa yamegandisha karatasi mbili pamoja. Zikabanduka, na iliyotokea mbele yangu ilikuwa moja ya zile za ovyo. Nikaanza kuisoma kwa sauti ya dharau, nimalize nipite.

"Leo hakuna kilichotokea. Mvua imenyesha kidogo. Yeye amekaa dirishani anachambua mchele, na kila akipata kijiwe anakitupa nje bila ya kutazama, na kila siku naogopa kitampiga mtu. Ameniambia, chakula kinapoa. Nimemwambia, nnakuja. Miaka kumi na sita namwambia nnakuja. Anadhani nimempa mgongo. Hajui kwamba kioo cha saa ya ukutani kinanionyesha dirisha lote. Vitabu vya Wazungu wakubwa ninavyovifasiri huvisogeza pembeni, nikakaa nikamtazama."

Nilikuwa nimeshainua mkono kuitupa. Shangazi aliniambia, "Soma tena."

Nikasoma tena. Safari hii sauti ya dharau haikutoka. Nikaigeuza ile karatasi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kulamba fomu za bandarini nikasoma fomu yenyewe. Chini, palipoandikwa karani, palikuwa na jina la Bwana Nassor. Shemeji yake Shangazi alikuwa ametazama upande mmoja, mimi nikatazama upande wa pili, na baina yetu sisi wawili wenye kujua kusoma hakuna aliyesoma.

Shangazi aliinuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha mumewe, ambacho sikuwahi kumwona akikikalia, akauelekea ukuta. Saa ilikuwa pale pale, ukutani juu ya meza, imesimama tangu siku ya msiba.

"Zakia, hebu kakae dirishani."

Nikaenda nikakaa.

Akakitazama kile kioo muda mrefu. "Unaonekana," alisema. "Mpaka miguu unaonekana." Kisha, bila ya kugeuka, akaniuliza, "Nyengine ziko wapi?"

Watu husema kuna nyakati mtu hutamani ardhi ipasuke aingie. Mimi nilikuwa ghorofa ya pili, ingenichukua muda. Nikamwambia ukweli wote: gunia, mafungu matatu, seredani.

"Zote?"

"Zote zisizokuwa na kitu, Shangazi."

Nilitaka anipige. Nilikuwa nimeshajikunja tayari, na nadhani ningepona upesi zaidi kama angenipiga. Yeye akakishika kikombe chake cha chai kilichokuwa mezani, akachungulia ndani yake kana kwamba huenda pamebaki neno moja chini.

"Basi," alisema, "nshazinywa."

Akacheka kidogo, na katika kucheka kule kule akaanza kulia, kilio ambacho siku ya msiba, mbele ya watu wote wale, hakikumtoka. Nami nikalia, kwa huruma na kwa hofu, sijui ipi ilizidi. Alipojifuta uso akaninyooshea ile karatasi. "Soma."

Wiki mbili zile nilimsomea ukurasa mmoja huo huo kila jioni. Mwanamke wangu nilimwacha njiani na kifurushi chake, na Shangazi hakuniuliza hata mara moja kama alifika. Mara nyingine alinikatiza. "Kijiwe kiliwahi kumpiga mtu kweli. Muuza kahawa. Marehemu hakunambia kwamba anaogopa." Eda ilipokwisha, alifunga ile karatasi katika kitambaa akaiweka kashani mwake, akaniambia niende nyumbani, na kila Ijumaa nirudi.

Nilikuja kuwa mwalimu, na nimesoma vitabu vingi kiasi kwamba mama alibashiri sawasawa kuhusu macho yangu. Siku moja, mtu mzima na miwani yangu, nilimkuta mzee wa maswali katika maktaba. Hana binti. Kumbe kilikuwa kitabu cha falsafa, na kiti chake kilikuwa na maana kubwa ambayo nusu yake nimeifahamu. Miezi michache baadaye, kwenye rafu iliyokuwa mbali kabisa na ile, nikamkuta mwanamke aliyetoroka, katika riwaya yake mwenyewe, hajapata kumsikia yule mzee maishani mwake. Alifika. Nilicheka peke yangu mpaka mtunza maktaba akaja kunitazama. Cha tatu, kile ambacho Bwana Nassor hakukifasiri kutoka popote, nimeacha kukitafuta kwenye rafu. Nilikichemshia chai.

Siku hizi kitabu hakiungui. Kinakaa hewani huko, na ukipoteza simu moja unakifungua katika nyingine, na hilo ni jema, sitaki kuwa mzee wa kulalamika tu. Mimi lakini nasikitikia gunia lile. Na nasikitika kwamba dada yake baba yangu aliondoka duniani na ukurasa mmoja, na mimi ndiye niliyemchagulia.

Sasa uko kwangu. Umekuwa wa rangi ya chai, na doa la bajia bado lipo upande wa juu. Ijumaa iliyopita nilimwita mjukuu wangu wa miaka kumi na moja, anayesoma upesi sana na kulijua hilo, nikamwambia aweke simu chini nimsomee kitu. Nikamsomea wote, kutoka mvua mpaka kioo cha saa. Alisubiri kwa adabu nimalize.

"Bibi," akaniambia, "mbona hakuna kinachotokea?"

Nilifungua mdomo nimkaripie. Kisha nikamwambia akakae dirishani, na mimi nikamsomea tena.