Siku Wifi Alipofagia Mchanga

Wifi yangu Marcelina ana ugonjwa mmoja: usafi. Mgeni akisema anapita tu, yeye keshafagia mpaka njia ya ng'ombe. Ndiyo maana nusura tupokonywe uwanja wetu wa kuanikia dagaa hapa Mugango.

Ni hivi. Tajiri mmoja, Makongoro, aliutaka ule mchanga ajenge hoteli. Kila alipokaa alisema ni ardhi iliyolala, haina kazi. Haina kazi, na sisi akina mama tumelelea watoto hapo hapo. Mkutano wa kijiji ndio ungeamua. Marcelina, mwenyekiti wa kikundi chetu, akawaita wanafunzi wa chuo kutoka Musoma, wale wanaosaidia vikundi kama chetu kudai haki kwa simu na kamera. Kiongozi wao, Florian, akaahidi kuja na droni, kile kidege cha kamera, aupige picha uwanja kutoka juu ili watu waone kazi yetu.

Weee, wifi kusikia wageni! Tulizoa dagaa wote, tukakunja nyavu, tukafagia mchanga mpaka ukabaki na mistari ya ufagio. Tukavaa vitenge vya kanisani, tukajipanga pembeni kama kwaya. Kidege kikapanda, sisi tunakipungia mikono.

Jioni Florian akatuonyesha picha. Mchanga mtupu, umelala kweli kweli. Makongoro mwenyewe asingepata ushahidi mzuri kuliko ule.

"Mama, dagaa wako wapi?" akamuuliza wifi kwa adabu.

"Mwanangu, kwani mgeni anapokelewaga na uchafu?"

Nilicheka, halafu nikaogopa, maana mkutano ulikuwa kesho yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; yetu ilitaka kuwa mgeni njoo, mwenyeji ahame. Marcelina hakugusa ugali. "Wifi," aliniambia, "nimemkabidhi Makongoro uwanja kwa ufagio wangu." Nilimwonea huruma sana.

Asubuhi Florian akarudi bila taarifa. Uwanja umejaa dagaa, na Marcelina yuko katikati anawageuza, khanga imechanika, mchanga mpaka kwenye nyusi. Aliposikia mvumo juu ya kichwa akainua ufagio, akakifukuza kile kidege uwanja mzima. Kulia dagaa, kushoto dagaa, nyuma yake wanawake wameinamia kazi, mbavu hawana kwa kicheko.

"Huna hodi wewe?" alikuwa anakifokea. "Kwenu mnaingiaga hivyo?"

Mchana ule, mkutanoni, Florian akaonyesha video kwenye shuka jeupe ukutani. Kijiji kizima kilicheka, wazee wakafuta machozi. Mwenyekiti wa kijiji akamgeukia Makongoro, akamuuliza kama hiyo ndiyo ardhi iliyolala. Watu wakanyoosha mikono, uwanja ukabaki wetu.

Wifi alininunia wiki nzima, kana kwamba mimi ndiye niliyerusha kidege. Picha ya ufagio ndiyo tuliyoiweka kwenye kundi letu la WhatsApp, na yeye alitaka ile ya kitenge.

Juzi Florian ametuma ujumbe kwamba wanakuja tena, safari hii na wenzao wa Bunda. Nikamwona wifi anauchukua ufagio. Akasimama nao kidogo, akauegemeza ukutani, akabeba beseni lake la dagaa.

"Vipi, hufagii?" nikamchokoza.

"Watatukuta hivi hivi," akasema, akaenda kuanika.