Makumbusho ya Saa Hayafutwi

Jana kaka yangu mkubwa kaniudhi, tena sana. Mdogo wetu anayeishi Ulaya anataka kutupeleka Uswisi pamoja na mama, akatuma ratiba kwenye kundi la familia: makumbusho ya saa kwanza, kisha boti ziwani, kisha treni ya kupanda milimani. Kaka akajibu, "Hayo ya saa yafuteni. Mtamchosha mama bure. Saa si kila mtu anayo kwenye simu?" Wengine wakamuunga mkono. Nikaandika: hayafutwi ng'o! Na wewe rafiki yangu nikwambie kwa nini, maana wenzangu wamejisahaulisha.

Mimi nimelelewa mtaa wa Mabawa, Tanga, na bibi mzaa mama, Mpemba aliyeolewa huko. Sebuleni kwake palikuwa na saa ya ukutani, ya mbao, ya kutia ufunguo, yenye kengele. Ukikifungua kijimlango chake inanukia karafuu, kwani alikuwa akitia chembe mbili tatu mle ndani, ati zinafukuza wadudu. Kila magharibi, adhana ikianza tu, bibi anapanda juu ya kiti, mimi nakishika kisitikisike, naye anaisogeza mishale mpaka kumi na mbili kamili. Ndipo anashuka, anaswali, kisha tunakula mkate wa kumimina kwa chai ya tangawizi. "Siku inaanza jua likizama," alikuwa akisema. "Saa ya nyumba hii inamfuata Mungu, haifuati ofisi."

Basi siku moja mwalimu akachora saa ubaoni, mshale mfupi kwenye sita. Nikanyoosha mkono, kifua mbele: "Saa sita!" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akanichapa. Kumbe kwao ile ni saa kumi na mbili. Bibi kusikia hivyo, akavaa buibui, huyo mpaka shuleni.

"Shikamoo bibi," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Jua likizama, wewe unasema saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na mshale wako uko kwenye ngapi?"

"Kwenye sita."

"Sasa mtoto umemchapia nini?"

Mwalimu akacheka. "Bibi," akasema, "mtihani hautungwi nyumbani kwako." Yakaishia hapo. Nikajifunza kusoma saa zao, nikafaulu. Lakini magharibi ile ile bibi alipanda kitini kama kawaida, huku akinung'unika, akairudisha mishale kwenye kumi na mbili. Nilimpenda jioni ile mpaka machozi yakanitoka.

Alipofariki, kaka alikuwa kijana ameshaanza kazi. Siku ya matanga akaishusha saa, akaiweka sawa na za watu wengine, ati wageni wasije wakachanganyikiwa. Mama alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Akatazama, kisha akaendelea kugawa kahawa. Mimi nikatoka nje nisije nikamtukana mkubwa wangu. Baadaye saa ikauzwa, nyumba ikavunjwa, pale sasa pana fremu za maduka. Wanangu nikiwahadithia wanadhani natunga.

Ndiyo maana nataka kwenda. Nataka mama aisikie tena saa inayolia kama ile. Na nataka niwaambie wenyewe wanaozitengeneza kwamba sisi Mabawa tuliiamrisha saa, haikutuamrisha. Wakicheka, wacheke.

Leo asubuhi kaka akaandika kwamba basi, mama mwenyewe aulizwe. Mama, ambaye kwenye kundi hajawahi kutuma chochote zaidi ya dua za Ijumaa, akatuma sauti: "Milima mie nimeiona Lushoto. Ziwa ni maji, na maji ninayo hapa Raskazone. Nipelekeni kwenye saa. Na wewe mwanangu mkubwa, siku ile ya matanga ya mama yangu, nilitaka kukwambia usiiguse."