Makala Mlango Mwingine

Kwenye duka la kuchapisha pale Kikula, nikingoja zamu yangu, mama muuza makala, yaani makaa ya kupikia, alingojea mialiko ya harusi ya bintiye, akilalamika kwamba wateja wanafika mlangoni kwake na kugeuka. Printa nayo ilikuwa imegoma.

"Mama, mafolda mbili ya Linux ku kompyuta nilichanganya, ikakuwa moja," fundi alisema. "Sasa paketi ya imprimante, ile programu yenye kuendesha printa, inakatala kujengwa. Iko na faili, tena iko na alama ya jina moja yenye kusema: 'Faili iko ku folda ingine.' Ile ingine haiko tena."

Akafuta alama, akajenga upya. Printa ikanguruma.

Mama akashika kichwa. "Sawa kwangu! Tulivunja ukuta, nyumba mbili ikakuwa moja, mulango ingine tukaziba. Ku mulango chaki ingali inasema: 'Makala iko ku mulango ingine.'"

Akapokea mialiko akicheka, akaomba kitambaa chenye maji akafute ile chaki. Nami, kabla ya kumcheka, nilienda kusoma mlango wangu.