Kocha Alisema Kaka Yangu Yuko Sawa

Huyo kocha mimi simwamini tena.

Leo hapa Nyamasaria, kaka yangu Ouma amegongwa kichwa kwenye mechi ya futiboli ya Kimarekani. Ameanguka, akaamka akiyumba.

Sheria inasema ukigongwa kichwa unatoka. Kocha akasema, "Helmeti imemkinga. Arudi."

Akamuuliza, "Ouma, tunaongoza?"

"Ndiyo, kocha."

Eti hapo ameshapimwa!

Nikaingia uwanjani. "Ouma, leo umekuja na nani?"

Akatabasamu. "Na Mama."

Yawa! Mama tulimzika mwaka jana.

Nikamshika Ouma mkono, nikampeleka hospitali. Amelazwa.

Sasa kocha amepiga simu. Hajauliza hali yake. Anauliza kama Jumamosi atacheza.

Nyinyi mngemjibu nini?